Hesabu ya Majike

Mke wa fundi wa kutengeneza vyerehani alianza kufuga mbwa mwaka ule binti yao wa pekee alipoanza shule, na kufikia siku za mkasa huu mtaa mzima ulikwisha kusahau jina lake, ukamwita Mama Manyoya. Mbwa wake hawakuwa wa kulinda nyumba. Walikuwa wale wadogo, rangi ya chai ya maziwa, wenye masikio marefu yanayoburuta sakafuni na kuzoa vumbi lote la ua. Kila mwaka, au kila baada ya miaka miwili, alimruhusu jike mmoja azae. Watoto aliwapima kila asubuhi kwenye mizani ya unga, akaandika uzito wao kwa penseli nyuma ya mlango wa stoo, na walipotimiza wiki tisa akawagawa kwa watu aliowahoji mwenyewe kana kwamba wamekuja kuposa. Mwalimu mmoja wa hesabu alirudishwa mara mbili kwa sababu ngazi za nyumba yake zilikuwa na mwinuko mkali.

Fundi hakuwa mtu wa mbwa. Ufalme wake ulikuwa chumba cha mbele, chenye dirisha la barabarani, alikotengeneza vyerehani vya mafundi nguo wa mji mzima, mikono imekolea grisi mpaka kwenye mistari ya viganja. Ua wa nyuma ulikuwa wa mkewe. Alichochangia ni majina tu, na aliyatoa kazini kwake: Bobini, Pindo, Lesi, na bibi yao aliyekula chumvi nyingi, Mshono.

Ndipo lilipobandikwa tangazo la kanuni mpya. Yeyote anayezalisha mbwa nyumbani, hata kwa kujifurahisha, ajisajili kabla ya miezi mitatu kwisha. Mwenye majike watatu au pungufu, wenye uwezo wa kuzaa, ataitwa mfugaji wa kujifurahisha na atapewa cheti. Mwenye wanne au zaidi ni mfanyabiashara, apende asipende. Huyo atajenga banda la sakafu ya saruji lenye mfereji, ataingia mkataba na daktari wa mifugo na kutundika bango mlangoni. Mama Manyoya alikuwa na majike wanne. Watatu walikuwa wazima wa kuzaa, lakini Mshono alikuwa na miaka kumi na mmoja na hakuwa ameingia joto la kutaka dume kwa muda mrefu. Swali lilikuwa moja tu: Mshono anahesabiwa au hahesabiwi?

Mama Manyoya alivaa viatu vyake vya safari akaenda idara ya mifugo kuuliza. Alirudi akasema Mshono anahesabiwa, kwa kuwa hajafungwa kizazi. Wiki iliyofuata alipeleka fomu, wakamrudisha akachukue nyingine, naye alifika nyumbani akasema Mshono hahesabiwi, maana amepita miaka minane. Alipokwenda mara ya tatu alirudi amechoka, akakaa kwenye kigoda cha wateja na kusema kwamba kumbe hawahesabu mbwa kabisa, wanahesabu mara ngapi mbwa wamezaa kwa mwaka.

Siku nyingine fundi angecheka. Lakini miezi ile mambo hayakuwa sawa nyumbani. Birika lilikuwa limeachwa jikoni likakauka mpaka kitako kikatoboka. Mkasi mkubwa ulipotea siku nne, ukaonekana ndani ya kopo la unga. Na mara mbili mkewe alimwita binti yao kwa jina la dada yake mwenyewe, marehemu, bila kujisahihisha. Binti, aliyekuwa mkunga katika zahanati ya jirani, alimvuta baba yake kando barazani akamwambia kwa sauti ya chini kwamba mama anapotea kidogo kidogo. Kwa hiyo majibu matatu ya idarani yalipokuja, baba na binti walitazamana tu. Binti alishauri mbwa wagawiwe kabla mambo hayajaharibika. Fundi akasema ngoja kwanza, ingawa hakujua anangoja nini.

Asubuhi moja alimuaga mkewe kwamba anakwenda kutafuta mkanda wa mota, naye akanyoosha moja kwa moja idarani.

Palikuwa na mabenchi mawili marefu, pangaboi lililopungukiwa panga moja, na madirisha manne ya kioo. Kwenye dirisha la pili karani alimsikiliza vizuri, akafunua kitabu na kumwambia kwamba jike yeyote ambaye hajafungwa kizazi anahesabiwa. Fundi akashukuru. Ila alipokuwa anageuka, karani wa dirisha la nne, aliyekuwa amesikia, alimwita na kumwambia asibabaike, mbwa wa zaidi ya miaka minane hahesabiwi. Makarani wakaanza kubishana kupitia vioo vyao, kila mmoja na kitabu chake, na ikagundulika kwamba vitabu vyenyewe havifanani: ukurasa wa tisa wa kimoja ulikuwa ukurasa wa kumi na tatu wa kingine, na maneno yamebadilishwa. Mkubwa wao akatoka chumba cha ndani kuuliza kelele za nini. Aliposikia, alishangaa. Nani amewaambia tunahesabu mbwa? Sisi tunahesabu uzao.

Fundi alitoka nje akaketi kwenye kidato cha mlango. Kichwa kilimzunguka, hakuelewa mbele wala nyuma, lakini furaha ilimjaa hata akaanza kucheka peke yake, mpaka mlinzi akamsogelea kumuuliza kama anajisikia vizuri. Mkewe hakuwa amechanganya neno hata moja. Alikuwa ameleta nyumbani kilekile alichoambiwa. Njiani fundi aliingia dukani akanunua brashi ya mbwa, kitu ambacho hakuwahi kukinunua maisha yake yote.

Mama Manyoya alikuwa uani, amempakata Lesi, akimchambua masikio kwa kitana. Fundi alimsimulia yote, dirisha baada ya dirisha, akiigiza sauti za makarani. Mkewe hakucheka. Alimaliza sikio moja, akageukia la pili.

"Kwa hiyo ulikwenda kunipima," alisema.

Fundi akaigeuzageuza brashi mkononi.

"Ungeniuliza mimi."

"Ningekuuliza nini, mke wangu?"

"Ungeniuliza kama na mimi ninaogopa."

Kwa siku mbili mkewe hakumsemesha isipokuwa kwa kupitia mbwa. Pindo aliagizwa amwambie baba yake kwamba chakula kipo mezani. Bobini aliombwa amuulize huyo bwana kama ameliona shati lake la kijivu. Fundi naye, kwa kukosa njia nyingine, akawa anawajibu mbwa. Siku ya tatu mkewe mwenyewe alimwekea chai mbele yake, na hapo akajua amesamehewa, au amevumiliwa. Hakuwa na uhakika ni lipi.

Mkaguzi alikuja wiki mbili baadaye. Alikuwa mwanamke kijana mwenye viatu vya mpira na ubao wa kuandikia, mwenye adabu zake. Aliwaamkia shikamoo kabla hajavuka kizingiti. Mama Manyoya alimpokea akiwa amejifunga kitambaa kipya kichwani. Na siku hiyo aling'ara. Aliulizwa watoto wanaachishwa ziwa lini, sanduku la kuzalia liwe na joto kiasi gani, jike apumzishwe muda gani baada ya kuzaa, akajibu yote kama anayesoma kwenye karatasi. Alitaja mama wa Bobini, na mama wa mama yake, na mguu upi wa bibi huyo ulikuwa na kidole cha ziada. Mkaguzi aliandika huku akitabasamu. Fundi, aliyesimama mlangoni akifuta mikono kwa tambara, alijiona amevimba kichwa kwa sifa ambazo hazikuwa zake.

Kisha mkaguzi akahesabu.

"Mama, kwenye fomu umeandika majike watano. Mimi naona wanne."

"Watano," alisema Mama Manyoya. "Kifungo yuko nyuma ya tangi. Anapenda kivuli, yule." Akashika njia ya kwenda nyuma ya tangi, akimwita.

Fundi aliacha kufuta mikono. Kifungo alikuwa amekufa mwaka juzi. Yeye mwenyewe ndiye aliyechimba shimo karibu na ua wa miti, jembe likigonga mawe, na mkewe akiwa amesimama pembeni. Mbona fomu hakuisoma kabla haijapelekwa? Kwa sababu baada ya siku ile ya brashi alikuwa ameona haya kuigusa.

Mkaguzi alimweleza kwa upole kwamba mbwa akiwa kwenye fomu na haonekani, yeye anatakiwa kuandika kwamba ametolewa bila kibali, na hilo ni kosa. Sauti ya Mama Manyoya ilikuwa bado inaita nyuma ya tangi, tamu, ya kubembeleza.

"Mimi ndiye niliyejaza fomu," fundi alisema haraka. "Nilichanganya."

Mkaguzi akatazama mwandiko, mdogo na wa mviringo, kisha akatazama vidole vya fundi vyenye grisi. Mama Manyoya alikuwa amekwisha kurudi, amesimama nyuma yao.

"Hakujaza yeye," alisema. "Mwandiko ni wangu." Akamgeukia mumewe. "Kifungo hayupo?"

"Hayupo, mama."

"Tangu lini?"

"Mwaka juzi. Ulimfunga kwenye shuka lako la maua."

Mama Manyoya aliutazama ua wa miti kwa muda. Pindo alikuja akakaa juu ya kiatu chake. "Nilimfunga vizuri?"

"Vizuri sana."

Akaitikia kwa kichwa, akainama kumshika Pindo masikio, na hakunyanyua uso tena kwa muda mrefu.

Mkaguzi ndiye aliyeonekana kupotea zaidi ya wote. Alipekua kitabu chake mbele na nyuma, na bila shaka hakukuta mahali palipoelekeza la kufanya. Mwishowe akamkata Kifungo kwa mstari mmoja, akaandika pembeni kwamba amekufa, na kumuuliza fundi mwezi aliokufa. Ndipo akafika kwa Mshono, aliyekuwa amelala kifudifudi juani kama zulia kuukuu. Alipiga simu ofisini. Waliomsikiliza walisikia sauti mbili zikizungumza kwa wakati mmoja upande wa pili. Alishukuru, akakata simu, kisha akasema ataandika anachokiona kwa macho yake. Akaandika: majike watatu wenye uwezo wa kuzaa, na mmoja mstaafu. Neno mstaafu halikuwemo kwenye fomu. Aliliandika hivyohivyo, akapiga na muhuri juu yake.

Cheti kilifika baada ya mwezi. Mama Manyoya alikuwa mfugaji wa kujifurahisha, kwa sharti moja lililoongezwa kwa kalamu: mtu mwingine mzima wa nyumba hiyo awe msimamizi msaidizi, na awe anajua kazi. Fundi hakujua kama hiyo ni kanuni inayompata kila mfugaji au ni huruma ya mkaguzi. Hakwenda kuuliza.

Binti naye alimpeleka mama yake hospitali. Daktari alimwambia achore saa ya ukutani, akumbuke maneno matatu, ahesabu kwa kurudi nyuma. Saa aliichora vizuri, hata akaitia mlango wa yule ndege anayetoka kutangaza saa. Katika maneno matatu alikumbuka mawili. Daktari alisema huenda ni mwanzo wa jambo, huenda ni uchovu na huzuni tu, warudi baada ya miezi sita. Fundi alimuuliza: katika hayo, lipi? Daktari akasema bado hawajui. Binti alikasirika, akataka jibu la kueleweka. Fundi alimshika mkono akamwambia twende.

Tangu hapo kila alasiri alifunga chumba cha mbele na kuhamia uani kufundishwa. Alikuwa mwanafunzi mzito. Alijifunza kukata kucha bila kumtoa mbwa damu, na kupima maji ya kuogeshea kwa kiwiko. Alinunua daftari akaandika kila alichoambiwa. Mara nyingine mkewe alisema leo jambo moja na kesho akasema kinyume chake, kwa uhakika uleule, naye akayaandika yote mawili na tarehe zake, maana hakuwa na njia ya kujua lipi ndilo.

Pindo alipokuwa na mimba ya wiki tano, Mama Manyoya alimkalisha mumewe chini, akauchukua mkono wake na kuuweka chini ya tumbo la mbwa. Alimwonyesha jinsi ya kupapasa kwa ncha za vidole, polepole, kama anayetafuta punje ndani ya mto wa sufi. Alisema wako wanne. Kitambo kidogo akapapasa tena, akasema watano. Fundi akafumba macho, akatafuta. Kulikuwa na kitu kigumu, cha mviringo, halafu kingine, halafu cha tatu kisichojulikana kama ni kile cha kwanza kimerudi. Alisema hawezi kuhesabu, na akamuuliza hasa ni wangapi.

"Mimi pia sijui," alisema mkewe. "Watahesabika wakishatoka. Hebu legeza hicho kidole gumba, unambinya mwenzio."

Fundi akakilegeza, akaendelea kutafuta.