Ng'ombe wa Dirishani

Nianze kwa kukiri: mwaka ule nilikuwa na kiburi. Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara imefunguliwa, mitumba imejaa Bariadi, na mimi Justina nilikuwa na meza yangu sokoni na binti mwenye akili. Sayi alikuwa na miaka saba na mdomo wa miaka ishirini. Aliwaita wateja, akasifia mashati, akahesabu vifungo kwa sauti mpaka watu wakasimama kumsikiliza. Mteja akiniuliza nina watoto wangapi, nilijibu, "Mmoja, huyu mwenye akili. Yule mwingine ni wa kaka."

Yule mwingine alikuwa Nyanjige, binti wa kaka yangu Jilala wa kijijini Zagayu. Yeye na Sayi walilingana umri. Kaka alimleta kwangu aandikishwe darasa la kwanza, maana kwao shule ilikuwa mbali. Lakini aliweka sharti: shule ikimkataa, atarudi nyumbani akamsaidie mama yake, na habari ya shule iishie hapo. Ninamjua kaka yangu. Akisema hapo, ni hapo.

Na mtoto mwenyewe alikuwa kimya kama mtungi. Ukimtuma anakwenda, ukimwuliza anakutazama. Nilijaribu kumfundisha kuhesabu kwa vifaranga wa jirani. Sayi alifika kumi na nne kabla sijamaliza kuwaonyesha. Nyanjige akainama, akaviringisha pindo la gauni lake. Wanasema akili ni nywele, kila mtu ana zake. Mimi nilimwona Nyanjige kipara. Nilimwita zuzu mbele za watu, na si mara moja. Jioni moja nikifunga mzigo alisema tu kwamba blauzi ya kijani yenye kifungo cheusi haipo. Nilitafuta, kweli haikuwapo. Nikasema kabahatisha, nikaendelea kufunga.

Siku ya usaili tulimkuta Mwalimu Januarius, mtu wa Bukoba, mpole, aliyehamia kwetu mwaka huo huo. Madawati yalikuwa machache, kwa hiyo ilibidi achuje. Kwanza kila mtoto alipitisha mkono juu ya kichwa aguse sikio la upande wa pili. Asiyelifikia ni mdogo bado. Wangu walifika wote wawili. Kisha akatoa kadi yenye picha ya ng'ombe, akataka wahesabiwe. Sayi alisema wanane, akaongeza kwamba mmoja amekonda. Nyanjige akaitazama kadi, akamtazama mwalimu, akafumba mdomo. Mwalimu alirudia swali mara tatu. Mwishowe akaandika kwenye karatasi yake, akaniambia taratibu kwamba huyu akili yake haijakomaa, nimlete tena mwakani.

Mwakani gani? Nilitoka nimefura. Tulipofika getini nilimshika bega nikamwuliza kwa nini ameniaibisha.

"Bibi alisema ng'ombe hawahesabiwi," alisema, machozi yakimlengalenga. "Ukiwahesabu wanapungua. Hata kuku. Hata watu."

Nilisimama pale pale. Bibi yake ndiye mama yangu mzazi. Kofi lake nililikumbuka shavuni: nina miaka mitano, nimesimama mlangoni mwa zizi, nanyoosha kidole, moja, mbili, tatu. Na bwana mifugo alipokuja kumwuliza baba ana ng'ombe wangapi, baba alijibu, "Wapo," mazungumzo yakaisha. Nimezaliwa humo, nimekulia humo, na miaka minane ya kuuza mashati ilitosha kunisahaulisha. Niliona haya mpaka masikio yakawaka moto.

Tukarudi ndani. Januarius alinisikiliza mpaka mwisho na hakucheka. Alimgeukia Nyanjige, akamwuliza babu yake anajuaje kama ng'ombe amepotea.

"Anawatazama," Nyanjige alisema.

Dirishani walikuwa wamepangwa ng'ombe wa udongo, kazi ya mikono ya darasa la tatu, wamepakwa chaki na mkaa. Mwalimu alimwambia awatazame, kisha ageukie ukutani. Akachukua mmoja akamficha kwenye droo, akawachanganya waliobaki. Nyanjige aligeuka, akawapitishia macho.

"Wa mabaka, yule aliyevunjika pembe, hayupo. Na ndama wake umemweka kwa mama mwingine."

Mwalimu akavuta kiti akakaa. Sayi, ambaye alikuwa ameshawahesabu mara mbili bila kuombwa, alithibitisha kwamba kweli mmoja kapungua. Alipoulizwa ni yupi, alianza kuwahesabu upya. Basi mwalimu akataka yeye mwenyewe ajaribiwe. Nyanjige alificha ng'ombe, mwalimu akashindwa mara mbili, akasingizia miwani. Kisha akamwaga maharage mezani, na mtoto wangu zuzu akayahesabu mpaka arobaini na sita bila kupumzika. Nilimwuliza kwa nini siku zote hakuniambia kwamba anajua. Alijibu kwamba sikuwahi kumwuliza maharage.

Januarius alikuwa anafuta alichoandika asubuhi. "Mama Sayi," alisema, "nilipima kitu kimoja, nikadhani nimepima kichwa kizima."

Sikumwambia kwamba mimi nilikuwa na kosa hilo hilo, tena langu lilikuwa la miezi. Nilimshika Nyanjige mkono njia nzima mpaka nyumbani, nikiwa na furaha na aibu kwa pamoja.

Jumamosi alikuja mezani kwangu mama mmoja mwuza dagaa wa Lamadi. Alichambua sketi, akawatazama wasichana, akaniuliza nina watoto wangapi na mwenye akili ni yupi. Sayi alikuwa ameshafungua mdomo kunijibia. Nyanjige aliinama, akashika pindo la gauni. Jibu langu alikuwa amelisikia mara nyingi.

"Wapo," nilisema.

Yule mama alingoja niendelee, akaona siendelei, akarudi kwenye sketi zake. Nyanjige akaliachia pindo, akaanza kumwonyesha ile ya bluu.