Kodi ya Choo Mlangoni

Kitendawili. Nyumba ina vyumba vinne, mwenyewe kabandika mlangoni kodi ya choo. Mkishindwa nipeni mji. Jibu ni duka la mtandaoni la wake wa wanangu wawili, hapa kwetu China, kando ya Ziwa Tai.

Tunauza duveti za hariri: ya mtoto, ya mtu mmoja, ya wawili na ya maharusi. Zote ziko chini ya picha moja. Mteja anabonyeza saizi, bei inabadilika. Guizhi, mke wa mwanangu mkubwa, akataka iongezwe pia foronya tupu ya yuan tisa, ili picha ijiandike "kuanzia yuan tisa" na watu waje mbio kabla ya msimu wa manunuzi.

"Huo mtego wa panya, dada," alisema Lamei, mke wa mdogo. "Mteja akifungua akakuta foronya, anatutukana."

"Atukane, mradi kaingia. Wewe kaoshe bakuli."

"Nimeosha. Limebaki lako."

Guizhi akamsukuma kitini, akakaa yeye. Mimi nilikuwa pembeni, navuta hariri juu ya upinde wa mwanzi. Nikamwona akiandika tisa, si kwenye mstari wa foronya, bali kwenye kisanduku cha juu, kile kinachobadilisha bei za aina zote kwa mpigo. Akabonyeza, akaenda zake kuchagua mboga.

Wali haujaiva, simu ikaanza kulia kama nyenje. Kila duveti, hata ya maharusi, yuan tisa. Wapo watu wanaowinda makosa kama hayo. Kwetu tunawaita wakata manyoya. Mmoja akiona huita wenzake. Walikuwa wameshanunua mpaka hariri tusiyokuwa nayo. Usipotuma mzigo, unatozwa faini, ukituma, umefilisika.

Wanangu waliporudi, Guizhi akawahi kusema, akimnyooshea Lamei kidole. "Muulizeni huyu. Nimemwachia kazi ndogo tu. Nilisema tangu mwanzo, duka halitaki mtu wa kuokotwa milimani. Leo atoke yeye au nitoke mimi."

"Kiti ulikikalia wewe, dada."

"Nani kaniona?"

Mwanangu mkubwa akamgeukia mdogo wake. "Mkeo asiguse tena duka."

 Duka hilo alilianzisha Lamei, kwa simu yenye kioo kilichopasuka, tukiwa bado tunamcheka lafudhi yake.

Mimi hakuna aliyeniuliza. Mzee mvuta hariri ni kama kabati, watu hugombana mbele yake.

"Nimeona mimi," nikasema. "Ni Guizhi."

"Mama, macho yako yana ukungu," Guizhi akasema.

"Ukungu upo, mwanangu. Lakini sijawahi kuwachanganya nyinyi wawili. Mmoja husukuma wenzake kitini."

"Basi kaleni na huyo wa milimani."

Akabeba karai la kukaangia likiwa bado la moto, akavuka ua. Jioni alikuwa ameshapanga matofali ya jiko lake. Kwetu mke akijijengea jiko, familia imekatika, hata kama ukuta ni mmoja.

Lamei alikaa kwenye kile kiti, akiwapigia wanunuzi mmoja mmoja, akiomba radhi na kutukanwa. Hapakuwa na wa kumwondoa.

Asubuhi nilimsalimu Guizhi. Akamwaga maji ya mchele karibu na miguu yangu, akaita kuku wake.