Ruta Mpya ya Bochaberi

Bochaberi alikuwa amekwisha kufukuzwa kazi kichwani mwake hata kabla fundi hajafika. Mkubwa wake alikuwa amemwandikia bila kumung'unya maneno: ukipotea tena katikati ya somo, nafasi yako atapewa mwingine. Na kupotea alikuwa anapotea kweli. Wanafunzi wake, watoto wa Wakenya walioko Amerika, walizoea kumwona akiganda kwenye skrini mdomo wazi, halafu giza. Kazi hiyo ya kufundisha Kiswahili mtandaoni ndiyo iliyomlisha yeye na bintiye Lavender, aliye shule ya bweni, tangu mumewe, Mose, alipofariki. Vichaka vyake vichache vya chai havikutosha hata sabuni.

Waya wa intaneti aliuleta Mose enzi za uhai wake, ukaishia kwenye ruta, kisanduku cha kurushia mtandao, sebuleni kwa baba yake, Mzee Nyabuto, mgane anayeishi peke yake ng'ambo ya migomba. Nyumbani kwa Bochaberi mtandao ulifika ukisuasua, na mvua ikinyesha haukufika kabisa. Wa simu nao, huko bondeni, ndio usiseme.

Kwa nini basi asiende kufundishia kwa mzee? Ukiuliza hivyo, kila mtu hapa Nyaramba atajua hukuzaliwa huku. Masomo yalikuwa jioni, na mke wa mwana haketi na baba mkwe wawili tu giza likiingia. Chumba cha kulala cha mzee ndicho kabisa: hakiingii, hakichungulii, hakitaji kwa kinywa chake. Hiyo ndiyo chinsoni, heshima ya wakwe, naye mzee hakuwahi kukanyaga kizingiti cha nyumba ya mwanawe.

Duke, fundi kutoka Kisii mjini, alizunguka nyumba ya mzee na simu mkononi.

"Mwalimu, shida si ruta peke yake. Ni hii ukuta ya mawe. Hapa upande inaangalia kwako ni chumba gani? Tukiweka hii ya zamani kwa hiyo dirisha, pengine hata hutanunua mpya."

Bochaberi alijua ni chumba gani. Aliona uso unamchoma.

"Ni stoo," akasema. "Imejaa mahindi, haifunguki."

"Basi jaribu ruta kubwa. Lakini sikuapii."

Anunue, asinunue? Alilipiga swali hilo huku na huku mpaka kichwa kikamuuma. Akinunua na isifanye kazi, amekwisha. Asiponunua, amekwisha vilevile. Mfa maji haachi kutapatapa: aliuza mtamba aliyeachiwa na Mose, mnyama pekee zizini, akaenda Kisii, akarudi na ruta yenye antena nne. Duke akaifunga palepale sebuleni, mahali pa ile ya kwanza.

Jioni hiyo mkubwa wake aliingia darasani kutazama. Bochaberi alisalimu, akaanza hadithi ya sungura, watoto wakacheka. Halafu kicheko kikakatika. Nyuso zikaganda. Akaomba, akagonga meza, akainua kompyuta juu ya kichwa, akakimbia nayo mpaka mlangoni. Pale mlangoni mtandao ulirudi kidogo, ukaleta ujumbe mmoja: Tunakushukuru kwa muda wako nasi.

Bochaberi alipiga yowe.

Mzee Nyabuto alikuja mbio, akasimama mbali na mlango kama inavyompasa, uso ameuelekeza kwenye migomba.

"Mokamwana," akamwita, kama aitwavyo mke wa mwana, "kuna nini?"

"Kazi imeenda, Tata. Ruta mpya imeshindwa na ukuta."



"Yule fundi aliniuliza na mimi," mzee akasema. "Nikamwambia kuna dirisha... la kule ninakolala. Akasema hapo ndipo. Nikajua na wewe utakuwa umeambiwa, utatuma mtu aje kuniomba. Mimi ningeanzia wapi kukuambia, mke wa mwanangu? Nikaona mtamba anatolewa, nikafunga mdomo."

"Nilijua, Tata. Niliona haya hata ya kutafuta wa kumtuma."

Hasira ilimpanda Bochaberi, akakosa pa kuipeleka. Angemlaumuje mtu kwa kumheshimu? Alijifuta machozi kwa leso. Mzee aliendelea kuitazama migomba, naye Bochaberi akaendelea kutazama chini, na hata sasa hakuna aliyethubutu kusema, haya, tuihamishie ruta dirishani.