Viatu Visivyo na Kamba

Wageni walipofunga bao lao, niliinama kufunga kamba za viatu. Nilikaa huko chini muda mrefu, kichwa kati ya magoti, nikitazama maganda ya karanga na vipande vya tiketi vilivyokanyagwa. Usoni nilikuwa na tabasamu lisilotaka kushuka. Nililiuma, nikalisugua kwa kiganja, nikajikohoza, wapi. Wale wageni walikuwa ni sisi: timu ya kwetu, ya nchi niliyozaliwa, na bao lenyewe lilikuwa la kichwa, safi, lile ambalo kipa hupewa pole. Juu yangu uwanja mzima wa wenyeji ulikuwa umenyamaza kama nyumba yenye msiba. Kulia kwangu alikaa Shangazi, ambaye siku hiyohiyo angeamua kama nitamwoa binti wa kaka yake au nitafute mahali pengine pa kupeleka sura yangu.

Tatizo ni kwamba viatu vyangu havikuwa na kamba.

Tabasamu lilipokufa niliinuka nimekunja uso. Nikasema kwa uchungu kwamba mabeki wetu wamelala. Shangazi alivitazama viatu vyangu, kisha akarudisha macho uwanjani.

Mimi ni fundi wa majokofu. Nilivuka mpaka nikiwa kijana, na begi la spana na mtungi mdogo wa gesi, kwa sababu kwetu mafundi walikuwa wengi kuliko majokofu. Mji nilioingia ulinipokea vizuri, na kazi haikunipiga chenga. Siku moja niliitwa kwenye duka la mayai ya jumla, ambako friji kubwa la kioo lilikuwa linanguruma bila kupoza. Mwenye duka ndiye Shangazi. Juu ya meza yake kulikuwa na kisanduku cha mbao chenye taa ndani na tundu upande mmoja, naye alikuwa akishika yai baada ya yai mbele ya tundu lile ili mwanga upite. Yai zima linang'aa. Lenye walakini linaonyesha kivuli. Alifanya kazi hiyo kutwa huku akipiga soga, na nadhani ndiyo maana alikuwa na tabia ya kumtazama mtu vilevile, jicho moja kalifinya kidogo, anangoja kivuli.

Aliyekuwa akipanga trei nyuma yake alikuwa binti wa kaka yake, yatima aliyemlea tangu akiwa wa kubebwa mgongoni. Friji lile lilipona siku ya kwanza. Mimi niliendelea kulitibu miezi kadhaa. Nilirudi kukagua mpira wa mlango, nikarudi kusafisha feni, nikarudi kusikiliza tu kama linapumua vizuri, mpaka binti akaniambia kwamba sasa friji limechoka kuguswa, niseme ninachotaka. Nikakisema. Akacheka, akasema yeye hana neno, ila kwa Shangazi nijieleze mwenyewe.

Nilijikaza kisabuni, nikamweleza Shangazi nia yangu. Aliendelea na mayai yake, kisha akaniuliza Jumapili nina kazi gani, maana timu yao inacheza na timu yetu, na kuna nafasi kwenye mstari wao. Jibu nitalipata baada ya mechi.

Mchumba wangu alinipa ushauri mmoja tu. "Nenda ulivyo. Shangazi kuliko wote anachukia mtu wa kujifanya."

Niliusikia vizuri, nikaenda kununua jezi ya wenyeji. Nikanunua na kofia. Asubuhi ya Jumapili nilijipaka mashavuni rangi za bendera yao, kwa mkono wangu mwenyewe, mbele ya kioo, nikiapa moyoni kwamba ni kwa ajili ya mapenzi na kwamba taifa langu litanielewa. Mchumba aliponiona kwenye lango la uwanja alijishika kichwa. Lakini shemeji yangu mtarajiwa, yaani kaka yake, alifurahi mno. Huyu alikuwa dereva wa lori la mayai, mtu mpole sana barabarani kwa sababu ya mzigo wake na mkali kila mahali pengine. Alinikumbatia, akatangaza kwa majirani wa jukwaa kwamba huyu shemeji ni wetu kabisa.

Nikawa wao kabisa. Nilishangilia hata mipira ya kurusha. Nilimzomea kiungo wetu wa kati, ambaye picha yake ilikuwa imebandikwa juu ya kitanda changu, nikamwita mzee, nikamwambia arudi kwao akalee wajukuu. Sauti ilianza kunikauka kabla ya mapumziko. Kila nikimtupia Shangazi jicho nimwone kama ameridhika, namkuta ananitazama tu, jicho moja kalifinya, na uso wake hauniambii kitu.

Kisha likaja lile bao letu na habari ya viatu. Baada yake Shangazi aliinuka, akamwambia shemeji asogee, akaniamuru nihamie kwenye kiti kilichoachwa wazi katikati ya mstari, naye akakaa kulia kwangu. Mchumba wangu alinishika mkono kwa nguvu. Kile kilikuwa kiti cha marehemu mume wa Shangazi. Ndicho kiti cha jicho.

Inabidi nieleze. Familia ile ilikuwa na mwiko wake. Ikitokea penalti, hakuna mtu wa damu yao anayetazama goli, kwa sababu kila walipotazama mpira ulipaa. Basi mstari mzima hushikana mikono na kufumba macho, na mtu mmoja aliyeingia kwa ndoa hukaa katikati na kutazama kwa niaba yao. Huyo ndiye jicho. Kwa kuwa makelele ya uwanjani hayaeleweki, jicho hasemi kitu. Mpira ukiingia, anainua mikono juu, na mstari wote unainuka naye. Usipoingia, anaiachia mikono taratibu, kila mtu anabaki na majonzi yake. Mzee alifanya kazi hiyo mpaka alipofariki, na tangu hapo kiti hakikukaliwa na mtu. Nilipokaa pale nilimwomba Mungu mechi iishe bila penalti, jambo ambalo mtu mwenye jezi yangu hakupaswa kuliomba.

Dakika za majeruhi, beki wetu alimwangusha mshambuliaji wao ndani ya boksi, mwamuzi akaonyesha kwa kidole.

Uwanja ulilipuka. Bao hilo lingesawazisha mambo, na lingenisawazishia mimi pia. Mikono ikashikana kutoka mwisho hadi mwisho wa mstari, shemeji akanikamata mkono wa kushoto na Shangazi wa kulia. Nikawaona wakifumba macho, shemeji akiwa amekunja sura kama mtu anayengoja sindano. "Jicho," akaninong'oneza, "tazama vizuri."

Nikatazama. Kipa wetu alikuwa Komeo. Hilo ni jina tulilompa sisi, nyuma ya nyumba zetu, kwenye goli la matofali mawili, enzi ambazo mimi nilikuwa beki wake na mpira ulikuwa wa matambara. Komeo alikuwa na ujanja mmoja: kabla ya mtu kupiga, anatikisa nyonga kwenda kulia, kana kwamba ameshaamua, halafu anaruka kushoto. Alitudanganya hivyo utoto wetu wote. Sasa nilimwona pale mbali, mtu mzima mwenye glavu, amezungukwa na maelfu ya watu wanaomwombea mabaya, mimi nikiwa nimevaa jezi yao. Akatikisa nyonga kwenda kulia.

Niliyoyapanga yakayeyuka yote. Sikuwa na mchumba, sikuwa na Shangazi, sikuwa na rangi mashavuni. Nilikuwa beki wa Komeo. Mpigaji akaupeleka mpira kulekule Komeo alikotaka upelekwe, naye akaruka kushoto akaudaka kwa mikono yote miwili, nami nikarusha mikono yangu juu.

Mstari mzima ukainuka. Nilikuwa nimewashika, na sheria ni sheria. Familia yote ya wenyeji ilisimama macho yakiwa bado yamefumbwa, ikapiga vigelegele, ikaruka juu, ikamshangilia kipa wa wageni katikati ya jukwaa lililokaa kimya kama limemwagiwa maji. Shemeji alimkumbatia bwana asiyemjua wa mstari wa mbele, akambusu utosini. Yule bwana akamuuliza, kwa sauti ya mtu aliyejeruhiwa, kama wao ni watu wa wapi. Hapo ndipo shemeji alipofumbua macho.

Kitu kimoja nilikigundua baadaye kidogo. Mkono wangu wa kulia ulikuwa mzito. Shangazi hakuinuka.

Tulipoteza mechi, au tuliishinda, sikujua niseme vipi. Tulirudi dukani kwa miguu. Shemeji alitembea upande wa pili wa barabara. Shangazi alifungua duka, akawaambia wengine wasubiri nje, akawasha taa ya kisanduku chake na kuvuta trei. Nilibaki nimesimama karibu na friji langu, rangi za mashavuni zimechuruzika hadi kwenye kola.

"Ile mikono," akasema, "ilikuwa ya kwenu."

"Ndiyo, Shangazi."

"Na viatu?"

"Havina kamba, Shangazi."

"Nimeviona."

Akashika yai mbele ya mwanga, akaliweka upande wa mazima. Niliomba radhi kwa kiti cha mzee. Alinikatiza kwa kutikisa kichwa.

"Mimi kwenye penalti sifumbi macho. Sijawahi. Mwiko ni kutazama goli, na mimi goli silitazami. Nilikuwa namtazama mzee. Uso wake ulikuwa unaniambia kabla ya mikono." Akalizungusha yai jingine bila kulitazama. "Leo kutwa nakutazama wewe, sioni kitu. Rangi, kofia, makelele. Nikasema huyu simjui, nitampaje mwanangu? Nikakuweka pale nione. Penalti ndipo nimekuona."

Machozi yalinilenga, nikageukia friji nikajifanya nalisikiliza.

"Mlete mama yako tuzungumze," akamalizia. "Na hiyo jezi usiingie nayo tena humu ndani. Huiwezi."

Tulioana kabla mechi ya marudiano haijafika. Shemeji alichelewa kunisamehe. Mpaka leo akinipa mkono anaukazia chini, nisije nikauinua.

Mechi ya marudiano ilichezwa kwetu, na Shangazi alisafiri na sisi. Alisema kwamba amekuja kusalimia ndugu tu, mpira si lazima. Mama yangu akampa heshima zote, akamkalisha karibu naye katikati ya watu wetu, amezungukwa na jezi na vuvuzela za kwetu. Alikaa ametulia, mikono mapajani, akiuliza maswali ya adabu. Komeo alipoondoa kona ya hatari, Shangazi alipiga makofi mawili matatu kwa heshima ya wenyeji. Mama aliniambia sikioni kwamba nimepata mkwe mstaarabu, hana ushabiki kabisa.

Kipindi cha pili mshambuliaji wao alitoroka na mpira, akampiga chenga Komeo, akaukwamisha wavuni. Jukwaa letu lote likanyamaza. Niligeuka kumtazama Shangazi, jicho moja nimelifinya kidogo, na sikumwona. Alikuwa ameinama chini ya kiti, mabega yakimtikisika. Mama alishtuka, akamuuliza kama anaumwa.

"Ni kamba ya kiatu tu, dada," akajibu kutoka huko chini.

Alikuwa amevaa ndala. Nikapiga magoti kando yake, nikamsaidia kufunga.