Sahihi ya Mwenyekiti wa Tawi

Pale Bigwa, aliyepata barua asiyoielewa alielekezwa kwa Mzee Tomasi. Wito wa mahakama, barua ya mtoto aliye jeshini, cheti cha hospitali, vyote vilipita mikononi mwake. Alivaa miwani, akasoma kimya kwanza, kisha akaeleza taratibu mpaka mwenye barua akaridhika. Aliteremka kutoka Matombo, huko mlimani, akiwa kijana asiyeweza hata kuandika jina lake. Akaajiriwa katika kiwanda cha magunia, akaanza masomo ya jioni kwenye bwalo la kiwanda, na tangu hapo hakuacha. Wenzake walipotoka zamu kwenda kilabuni, yeye alikwenda ubaoni. Alifanya mtihani wa kidato cha nne akiwa mtahiniwa binafsi mwenye mvi za kwanza. Kiswahili alifaulu, Historia alifaulu, Siasa alifaulu vizuri sana. Kiingereza kilimwangusha mara tatu, na habari hiyo hakupenda kuizungumza.

Ester, binti yake wa mwisho, alipochaguliwa chuo kikuu kusomea sera za umma, watu walimuuliza baba yake hayo ni masomo ya namna gani. Mzee Tomasi alikuwa na jibu tayari.

"Ni kujifunza serikali inavyoamua mambo," alisema, "na nani aliulizwa kabla haijaamua."

Mwaka wa tatu, Ester akatakiwa kuandika utafiti wake. Akachagua kiwanda cha magunia, kilichouzwa kwa mtu binafsi mwaka tisini na sita, siku zile viwanda vilipokuwa vikiuzwa kimoja baada ya kingine. Swali lake lilikuwa moja: je, wafanyakazi walishirikishwa? Alipita nyumba kwa nyumba na karatasi zake za maswali, na nyumba ya kwanza ilikuwa ya kwao, kwa sababu baba yake ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa tawi la chama cha wafanyakazi.

"Swali la kumi na mbili, Baba. Kabla kiwanda hakijauzwa, ninyi viongozi mlioneshwa makubaliano yoyote?"

"Hatukuoneshwa kitu."

Ester akaandika. Mzee Tomasi aliitazama ile kalamu mpaka ikafika mwisho wa mstari.

Hiyo ilikuwa Februari. Jumamosi moja ya Mei, Ester alirudi nyumbani kutoka chuoni, akaamkia, akakaa kwenye kiti cha barazani bila kuvua mkoba begani. Mama yake, Magreth, alimletea ndizi za kuchemsha. Hakuzigusa.

"Umefukuzwa?" Magreth aliuliza.

"Sijafukuzwa, Mama. Msimamizi wangu amekataa sura ya nne."

"Imekosa nini?"

Ester akaeleza. Katika faili la serikali alilopewa kusoma iliandikwa kwamba viongozi wa wafanyakazi walipewa makubaliano, wakayasoma, wakayatia sahihi. Karatasi yenyewe haikuwamo ndani ya faili. Watu arobaini aliowahoji walisema hapakuwa na makubaliano yoyote. Dokta Devotha, msimamizi wake, alimwambia kwamba bila kuiona karatasi hiyo hawezi kusema nani mkweli, basi aipate au aiondoe sura nzima. Mwisho wa kukabidhi ulikuwa Jumatatu ya wiki inayofuata.

"Hicho chuo kinaamini karatasi kuliko watu," alisema Magreth.

"Ndivyo ilivyo, Mama. Nikiitoa sura ya nne hakuna utafiti tena, nitarudia mwaka. Lakini si hilo linaloniuma." Akamgeukia baba yake. "Faili linawaita watu arobaini waongo. Na wewe, Baba, ndiye wa kwanza kwenye orodha."

Mzee Tomasi akainuka, akasema anakwenda kuangalia mbuzi, na mbuzi walikuwa pale pale mbele yake wamefungwa.

Nyuma ya zizi alisimama akiutazama mlima. Wingu lilikuwa limeushika kifuani, na magari ya ndizi kutoka Matombo yalikuwa yakiteremka yakiguna. Alijua karatasi ilipo. Ilikuwa chini kabisa ya sanduku la bati, imelaliwa na vyeti vyake vya masomo ya jioni.

Aliikumbuka ile siku vizuri kuliko siku ya ndoa yake. Meneja aliwaita viongozi watatu wa tawi ofisini. Palikuwa na mgeni kutoka Dar es Salaam, mpole, aliyewaagizia soda. Akawasogezea karatasi sita zilizobanwa pamoja, za Kiingereza tupu. Wale wenzake wawili, sasa wote marehemu, hata hawakuziangalia, walimwangalia yeye. Ndiye msomi wao. Mgeni akauliza kama wangependa waeleweshwe kwa Kiswahili. Na Tomasi, mwenye kalamu mfukoni na miwani usoni, akasema, "Hapana haja, tutasoma." Akafunua ukurasa wa kwanza, akakaa nao kiasi cha mtu anayesoma. Akafunua wa pili. Alikuwa akihesabu pumzi zake ili asifunue haraka mno. Alipofika wa sita akatikisa kichwa kama mtu aliyeridhika, akatia sahihi, na wenzake wakatia chini ya sahihi yake.

Nakala moja iliachwa kwake, na nyumbani alikaa nayo na kamusi siku nne. Siku ya nne alifika ukurasa wa tatu akaelewa. Watu wangeondolewa kazini ndani ya siku thelathini, na nyumba za kiwanda zingeachwa wazi siku hizo hizo, na viongozi wao wamelielewa hilo na kulikubali bila kuitisha mkutano wa wafanyakazi. Angeweza kurudi ofisini siku ile ile. Badala yake aliilaza karatasi ndani ya sanduku, chini kabisa.

Sasa akatoka zizini, akaingia ndani, akalifungua sanduku, akatoka nayo, akaiweka juu ya mapaja ya binti yake.

"Ndiyo hiyo," alisema.

Ester alisoma ukurasa wa kwanza upesi, kwa namna ambayo baba yake hakupata kuiweza maishani. Alipofika mwisho akaiona sahihi. Magreth alisogea akachungulia begani kwake, akaitambua, akarudi jikoni.

"Uliniambia hamkuoneshwa kitu."

"Nilikudanganya."

"Baba, niliandika!"

"Nilikuona ukiandika." Akakaa kwenye ngazi ya baraza. "Nisomee kwa Kiswahili, mama. Nimeisoma kwa kamusi neno moja moja. Sijawahi kuisikia nzima."

Akamsomea, sauti ikikatika alipofika penye habari ya nyumba za kiwanda. Alipomaliza, Ester akafuta macho kwa kiganja na kuanza kusema kama mwanafunzi, kwa sababu hapo ndipo alipoweza kujishikilia.

"Sura ya nne itasimama. Ila haitasema nilichotaka kusema. Itabidi niseme waliulizwa, wakaulizwa kwa lugha wasiyoijua, na waliokubali hawakuwa wameelewa." Akaigeuza karatasi. "Jina lako nitaliziba. Utaitwa Kiongozi A."

"Usilizibe."

"Ndio utaratibu, Baba. Hakuna mhojiwa anayetajwa jina. Hata ukitaka mwenyewe, Dokta Devotha hatakubali."

"Mtu ametia sahihi, halafu anaitwa A?"

"Ni kwa ajili ya kukulinda."

Mzee Tomasi akainuka kutoka ngazini. "Chuo kiwe na A wake," alisema. "Kesho baada ya misa nitaihitaji karatasi yangu."

Jumapili alikwenda kwa Hatibu. Huyu alikuwa Mnyamwezi wa Tabora, fundi mitambo wa zamani, sasa akishona nguo barazani kwake. Walikuwa watani, Mnyamwezi na Mluguru, tangu walipokuwa zamu moja.

"Karibu, Mluguru!" Hatibu alipaza sauti. "Umeshuka mlimani, ndizi zimekwisha?"

"Leo sikuja na utani, Hatibu."

"Basi kuna msiba. Nani kafa?"

"Hakuna. Nimekuja kukusomea kitu."

Akamsomea Kiswahili alichoandikiwa na Ester usiku ule kati ya mistari, na hakuruka neno. Hatibu alikuwa ameinua mguu kutoka kwenye kanyagio la cherehani. Tomasi alipofika penye habari ya nyumba, Hatibu aliinua mkono.

"Tulihama Aprili ile," alisema. "Mvua ya masika. Ulikuja ukanisaidia kubeba kitanda. Siku ile ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Ukabeba tu."

"Nikabeba."

Hatibu alivua kofia, akaikunja, akaivaa tena. Akamwita mjukuu wake amletee viatu. Akatoka. Mzee Tomasi alibaki peke yake pale barazani na karatasi sita, asijue kama amefukuzwa au anatakiwa asubiri. Baada ya nusu saa Hatibu akarudi na watu. Alikuja Anselmi aliyekuwa mlinzi wa lango. Alikuja Kondo wa bohari. Akaja Saada, ambaye marehemu mumewe alikuwa mfumaji, na nyuma yao wengine, hata wakafika kumi na wawili. Wengine walikaa kwenye mkeka, wengine wakasimama. Hakuna aliyempa Mzee Tomasi mkono.

"Waambie," Hatibu alisema.

Akasimama. Aliwaambia juu ya ile ofisi, soda, mgeni mpole, na namna alivyofunua kurasa. Kondo alitema mate pembeni. Mtu mmoja nyuma akasema, "Na sisi tulikuwa tunampelekea barua zetu!" Hakuna aliyecheka.

Saada alikuwa ameegemea nguzo ya baraza. Aliuliza bila hasira, kama mtu anayetaka kuelewa hesabu.

"Yule mgeni alisema mtaeleweshwa kwa Kiswahili?"

"Alisema."

"Na wewe Kiingereza ulikuwa hukijui."

"Nilikuwa sikijui."

"Si ungesema tu, Mzee Tomasi."

"Ningesema."

Saada akaiacha nguzo. Kisha akateremka, akakaa mkekani kati ya wenzake, akavuta kanga yake magotini.

"Haya, soma," alisema. "Soma yote, pole pole. Wengine hatujasikia."

Mzee Tomasi alivaa miwani yake, akarudi ukurasa wa kwanza, akaanza.