Hatua Tatu za Afande Gul

Kwa miaka minne Mhandisi Kuang hakuwahi kwenda popote Pakistani bila Afande Gul Zaman, bunduki begani, nyuma yake. Ndivyo amri ilivyosema: Mchina akitoka kambi ya ujenzi wa bwawa, askari wake asiwe mbali naye zaidi ya hatua tatu. Hata chupi Kuang alizinunua mbele ya serikali.

Wiki ya harusi ya binti wa Gul, likizo za askari wote zikafutwa.

"Palwasha anaolewa Alhamisi," Gul alisema, "na mimi niko hapa nalinda bwawa."

Harusi ya bintiye mwenyewe kule Mianyang, China, Kuang aliitazama kwenye simu, mtandao ukakatika kabla bibi harusi hajaagwa. Hilo lilikuwa bado likimuuma. Jioni akajaza fomu ya kutoka. Mahali: kijijini kwa Gul Zaman. Sababu: kula.

"Kula?" aliuliza mkuu wa kambi, Bwana Shao. "Mpishi wetu ana kasoro gani?"

"Si unamjua."

Shao alimjua. Akagonga muhuri.

Basi Alhamisi Gul akawa kazini, harusini kwa mwanawe. Lakini inspekta wa polisi aliyetumwa kuwasimamia alikuwa garini, macho kodo, na amri ni amri. Kila alipotakiwa baba wa bibi harusi, ilibidi Kuang atangulie. Kuang akapokea wageni mlangoni. Kuang akakagua masufuria ya wali.

Saa ya kumuaga bibi harusi ikafika, na Palwasha yuko upande wa wanawake.

"Mwanamume wa nje haingii humu!" bibi yake Palwasha alimwambia Kuang, kajaa mlango mzima.

Gul akasimama hatua tatu nyuma ya Kuang. "Basi, mama. Nitamwombea dua hapahapa."

"Bibi," Kuang alisema, "nikifumba macho je?"

Bibi alimpima juu mpaka chini. "Nitakufunga mwenyewe. Wachina siwaamini, na wanaume ndiyo kabisa."

Akamfunga mtandio machoni. Kwa mara ya kwanza Gul akatangulia, akimshika mkono. Kuang alisikia vilio vya wanawake, kisha sauti ya Gul, aliyoizoea kwa "simama" na "twende" tu, ikitetemeka kwa dua. Harusi ya pili hii, na bado hakumwona bibi harusi akitoka. Lakini safari hii baba wa binti alikuwepo.

Garini inspekta akafungua daftari. "Haya, ripoti."

Gul alijifuta uso kwa mkono wa sare.

"Mgeni amekula. Mgeni amelia. Hakuna tukio, afande."