Pengo Kati ya Picha

Umewahi kuziba pengo, likafunguka tena mbele ya macho yako? Ndivyo ilivyomkuta binti wa seremala, aliyekuwa akitengeneza tovuti ya karakana ya baba yake. Jina la karakana alilikoza kwa herufi nene, na picha za mafundi akazipanga safu moja chini yake. Kisha baba akamwamuru aitoe picha ya kaka yake, fundi aliyefariki mwaka jana.

"Marehemu hauzi makabati," alisema.

Binti akamtoa, lakini pale alipokuwa pakabaki wazi. Akaandika kwenye CSS, msimbo unaopanga mwonekano wa tovuti, kwamba nafasi kati ya picha iwe sifuri. Zikasogeleana, kisha polepole zikaachana, kama watu wanaompisha mwenzao.

"Baba, njoo uone! Kompyuta hii ina mashetani."

"Mvivu hakosi kisingizio," mzee akacheka, huku akivaa miwani. Picha zikaachana tena mbele yake, na kicheko kikamkauka. Akaweka kiganja kwenye kioo, pale palipo wazi.

"Mrudishe," akasema kwa sauti ndogo. "Kumwona kulinichoma, ndiyo maana nikakwambia umtoe. Lakini nataka nimwone mwanangu kila siku."